Kuovakloki Ryzen 5 5600X: bayosi au programu ya Windows? Nimekaa na zote mbili miezi minne

Wakuu, ukitaka kuovakloki prosesa, yaani kuisukuma iende kasi kuliko ya kiwandani, uifanyie kwenye bayosi (ile menyu ya bodi inayofunguka kabla Windows haijaamka) au kwa programu ndani ya Windows? Hili swali naulizwa sana na wenzangu tunaoediti video, na majibu mengi ninayoyasikia ni ya mtu aliyekomaa na upande mmoja tu, wa bayosi anamwona wa programu hajui kitu, wa programu naye bayosi anaiogopa kama nini, akiona tu ile skrini ya mwanzo anabonyeza aondoke. Mimi zote mbili nimezitumia kwenye mashine moja, prosesa ileile, chumba kilekile changu cha Sinza ambacho mwezi wa pili saa nane mchana kipimajoto kinasoma nyuzi 32 na feni inawaka, kwaiyo naandika nilichokiona na namba nilizoziandika kwenye daftari.

Mashine yenyewe ni hii. Prosesa AMD Ryzen 5 5600X, ile iliyotoka Novemba 2020, viini 6 nyuzi 12 (hizi ni thread, njia za kazi, si za joto), kasi ya kuanzia 3.7 gigahezi na ya kupaa 4.6. Madabodi ni ya B550, kampuni siitaji maana kuna mahali nitailalamikia programu yao. Ramu GB 32. Kipoza joto nimetoa kile kidogo kilichokuja kwenye boksi nikaweka cha mnara chenye mabomba manne ya shaba na feni moja kubwa, na hapa niseme mapema kabisa, kama bado una kile cha kwenye boksi na unaishi Dar au Mombasa au Tanga, usisumbuke na ovakloki, kanunue kipoza kwanza afu ndo urudi kusoma. Kile kidogo kwangu kilikuwa kinagonga nyuzi 87 kwenye setingi za kiwandani, na prosesa hii mwisho wake ni 95, sasa hapo unapandisha nini.

Kazi yangu ni video za harusi, send-off, kitchen party, na nyingine za taasisi. Kuna kipimo changu ambacho hakidanganyi, ni mradi mmoja wa harusi ambao nimeutunza, nauexport kwa prosesa peke yake bila kadi ya picha, kwa setingi za kiwandani unachukua dakika 52. Cinebench R23, programu ya kupima nguvu ya prosesa kwa pointi, nayo naitumia lakini ule mradi ndo hakimu wangu, maana mteja haulizi umepata pointi ngapi, anauliza "kaka video yetu vipi?"

Kitu kimoja kabla sijaingia ndani, maana watu wengi wanakosea hapa. Kasi utakayoipata kwa programu na utakayoipata kwa bayosi ni moja. Ndani ya prosesa za Ryzen kuna kidhibiti kidogo kinachoitwa SMU, ndo kinachoamua kiini gani kipate kasi gani na volteji gani, na programu ikiwa kwenye Windows inatuma amri kwa kidhibiti hichohicho ambacho bayosi inakipa maagizo kabla Windows haijaamka. 4.6 ya Ryzen Master, programu ya AMD ya kwenye Windows, ni 4.6 ya bayosi. Tofauti iko kwenye nani anaagiza, saa ngapi, na mambo yakiharibika unarudije nyumbani. Hayo matatu tu, lakini ukiishi nayo miezi minne unajua kwamba ndo kila kitu.

Nilianza na programu iliyokuja na madabodi. Ile ya kampuni ya bodi, yenye rangi nyingi na mshale wa kasi kama wa gari. Kijana wa dukani Kariakoo aliniambia "kaka hii ukiibonyeza hapa tu inapaa yenyewe", na kweli ina kitufe kimoja kikubwa, nikabonyeza, ikaristati mara mbili, ikaniandikia nimepata 4.7 viini vyote. Nikafurahi dakika tano. Afu nikafungua HWiNFO64 pembeni, programu ya kusoma joto na volteji, nikaona volteji iliyowekwa ni 1.42, imekaa palepale haishuki, Cinebench inakimbia na joto limeshafika 93.

Sasa hapa nieleze kidogo maana mtu anaweza kusema mbona hata kiwandani hii prosesa inagusa 1.45 na zaidi. Ni kweli inagusa, lakini inagusa kwa muda mfupi, kiini kimoja kinafanya kazi nyepesi, umeme unaopita ni mdogo, afu inashuka yenyewe. 1.42 ya kukaa palepale huku viini sita vyote vinabeba mzigo wa kuexport saa nzima ni habari nyingine kabisa, huo ndo mwendo wa kuichosha prosesa mpaka baada ya miezi kadhaa inaanza kudai volteji zaidi kwa kasi ileile. Programu inayokupa hiyo namba bila kukuonyesha kwa herufi kubwa kwamba imekupa 1.42 mimi siipendi na sitaipendekeza kwa mtu.

Na haikuishia hapo. Ilikuwa imejiwekea tiki ya kujiwasha yenyewe kila Windows inapoamka. Kwaiyo kesho yake asubuhi nawasha, Windows inaingia, naona wallpaper, ikoni zinaanza kutokea moja moja, kama sekunde ya nane skrini inaganda. Kipanya hakisogei. Nazima kwa kushikilia kitufe, nawasha, ileile, sekunde ya nane. Ilibidi niingie Windows kwa safe mode nikaitoe kabisa na vile vihuduma vyake vyote vilivyobaki nyuma vinazunguka, na siku hiyo nilikuwa na kazi ya kukabidhi saa sita. Hiyo ndo hatari ya setingi inayokaa juu ya Windows afu inajirudia yenyewe, inakukuta mlangoni kila ukifika, wakati huohuo bayosi haijui chochote, ukiingia kule inakuonyesha kila kitu kiko sawa.

Nikaiacha nikahamia Ryzen Master ya AMD wenyewe, na hii wakuu ni kitu kingine, naisifia kwa moyo. Kwanza ukiifungua inakupa onyo kwamba uharibifu unaotokana na kuovakloki hauko kwenye waranti, unakubali ndo unaingia. Hilo onyo lisome, halijawekwa kwa bahati mbaya. Ndani unaona viini vyako vimepangwa, kila kimoja na kasi yake ya sasa hivi, na visivyo na kazi vinaandikwa Sleep, na kuna kinyota cha dhahabu kwenye kiini bora kuliko vyote na kidoa cha kijivu kwenye cha pili. Hicho kinyota kikumbuke, nitakirudia.

Nikachagua hali ya kuweka kwa mkono, viini vyote 4.6, volteji 1.25, Apply. Bila kuristati. Hapohapo. Nafungua Cinebench, inakimbia, naangalia joto linapanda 70, 74, 77, linasimama 78. Imemaliza, pointi 11,790, wakati kiwandani nilikuwa napata 11,040. Nikashusha volteji 1.2375, Apply, jaribu, imepita. 1.225, Apply, katikati ya kipimo mashine ikajiristati yenyewe, na ikarudi kwenye setingi za kiwandani kama vile hakuna kilichotokea. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimeshajua prosesa yangu inaishia wapi. Kwa bayosi kazi hiyohiyo ni kuingia, kubadilisha, kusave, kusubiri iamke, kuingia Windows, kufungua kipimo, kuanguka, kurudi, kila mzunguko dakika tano au sita, yaani unatoka saa mbili usiku unajikuta saa sita.

Kwa kutafuta, programu inashinda, na inashinda mbali.

Shida ikaja kwenye kukaa. Ile setingi ya mkono kwenye Ryzen Master haibaki ukizima. Umewasha mashine asubuhi, prosesa imerudi kiwandani, unatakiwa ufungue, ukubali onyo, uchague profaili, Apply. Wiki ya kwanza unafanya kwa hamu, wiki ya tatu unasahau. Na kwetu huku umeme unakatika, UPS yangu inanipa dakika kumi za kusave na kuzima vizuri, umeme ukirudi naendelea na kazi, na mara mbili nimeacha mradi unaexport usiku kucha nikidhani niko kwenye 4.6 kumbe niko kiwandani. Si janga, lakini basi faida yote ya kuhangaika iko wapi. Afu kwenye diski ya pili nina Linux Mint kwa ajili ya Blender, programu ya kazi za 3D, na Ryzen Master ni ya Windows tu, kwaiyo kule hakuna kitu kabisa.

Kuna na jambo la usalama ambalo watu hawalizungumzi. Ili programu ya kwenye Windows iweze kugusa volteji ya prosesa lazima iwe na draiva yenye ruhusa za juu kabisa, na mlango ukishawekwa, si wewe peke yako unaweza kuupitia. Mwaka 2020 draiva ya Ryzen Master ilikutwa na tobo la kumpa mtu wa kawaida ruhusa za juu, AMD wakatoa toleo jipya la kuziba. Upande wa Intel, Desemba 2019 watafiti walionyesha shambulizi waliloliita Plundervolt, kwamba ukiweza kushusha volteji kwa programu unaweza kuifanya prosesa ikosee hesabu ndani ya ile sehemu yake ya siri ya SGX na kutoa siri zilizomo. Jibu likawa apdeti za bayosi za kufunga huo mlango, na ndo maana kuna watu wenye laptopu za Intel ambao walikuwa wanashusha volteji kwa programu kama ThrottleStop au XTU, siku moja wameapdeti bayosi wakakuta ile sehemu imekuwa ya kijivu haibonyezeki. Na Ryzen Master za zamani zilikuwa hazikubali kufunguka kama ulinzi wa VBS, ule unaotenga sehemu nyeti za Windows, umewashwa. Watu wakaenda kuuzima ulinzi ili wapate ovakloki. Mimi mashine yangu ina mafaili ya wateja na barua pepe za kazi, siko tayari kuzima ulinzi kwa ajili ya kuokoa dakika tatu nne za kuexport.

Kwaiyo nikaenda bayosi, na huku ndo nimekaa mpaka leo.

Bayosi ya siku hizi si ile ya bluu ya zamani, ina kipanya na grafu, lakini bado imejaa vifupisho. Unawasha unagonga Del mfululizo, unaingia upande wa juu kabisa wa wataalamu. Kuna mtego wa kwanza hapa: setingi za Precision Boost Overdrive, wenyewe wanaita PBO, kwenye bodi nyingi ziko sehemu mbili, moja kwenye menyu ya kampuni ya bodi na nyingine ndani kabisa kwenye menyu inayoitwa AMD Overclocking ambayo nayo ina onyo la kukubali. Ukiweka huku hivi na kule vile hujui ipi inashika. Chagua sehemu moja, mimi nilichagua ya AMD Overclocking, nyingine iache Auto na usiiguse tena.

Na hii PBO ndo iliyonibadilisha mawazo kuhusu ovakloki yenyewe. Nilipokuwa na 4.6 ya mkono, viini vyote vilikuwa 4.6 muda wote, basi. Kipimo cha kiini kimoja kikashuka kutoka 1,528 ya kiwandani mpaka 1,515, kwa sababu kiwandani kiini kimoja kikiwa peke yake kinaruka mpaka 4.65 na mimi nilikuwa nimekikatalia. Kuediti, yaani ile kuburuta taimulaini, kukata, kufungua menyu, ni kazi ya kiini kimoja kimoja. Nilikuwa naexport haraka na kuediti taratibu zaidi, kidogo sana, lakini ukijua unakiona. PBO yenyewe inaiachia prosesa ijiendeshe kama ilivyozoea, wewe unaisogezea mipaka tu.

Mipaka iko mitatu, PPT ni wati zote zinazoingia, TDC na EDC ni ampea, ya kwanza ya mzigo wa muda mrefu na ya pili ya mruko wa ghafla. 5600X inakuja na 76, 60 na 90. Mara ya kwanza nikaweka ile ya kuachia yote, yaani bodi iamue, prosesa ikanywa mpaka wati 115, joto 88, pointi 11,480. Angalia hiyo, chini ya ile 4.6 ya mkono na joto nyuzi kumi juu. Kwa joto la Sinza kuachia mipaka peke yake ni kulipia LUKU upate moto chumbani. Nikarudisha PPT 100, TDC 70, EDC 100.

Kitu kinacholeta faida ni Curve Optimizer. Hii ilikuja na kizazi hiki cha 5000, na wazo lake ni zuri sana: badala ya kusema nataka kasi hii, unaiambia prosesa kwamba kwa kila kasi unayoifikia tumia volteji pungufu kidogo. Kila hatua moja ya kushuka ni kama milivolti 3 hadi 5, na mwisho ni hatua 30. Volteji ikipungua joto linapungua, joto likipungua prosesa yenyewe inaona ina nafasi, inapanda. Kwa nchi ya joto hii ndo ovakloki, sioni nyingine. Nikaweka 30 chini kwa viini vyote, kama watu wote wanavyoanza, nikaongeza megahezi 100 juu ya mwisho wake. Cinebench 12,020, joto 77. Nikaexport harusi, dakika 48. Nikajaribu saa nzima na OCCT, programu ya kuibana prosesa kwa mzigo mzito, safi. Nikajiona nimemaliza.

Usiku wa tatu nimelala, mashine nimeiacha inapandisha video mtandaoni, kazi nyepesi kabisa, prosesa iko asilimia 2 au 3. Naamka saa kumi na moja kasoro nakuta iko kwenye skrini ya kuingiza nywila. Imejiristati. Upandishaji umekufa kwenye asilimia 61, na bando langu limekwenda.

Hili ndo jambo ambalo natamani kila mtu anayegusa Curve Optimizer alijue kabla: mzigo mkubwa hauoni kosa lako. Viini vyote vikibeba mzigo kasi inashuka kidogo na volteji iko mahali pa kutosha. Kosa linakaa kule kwenye utulivu, pale kiini kimoja kinapoamka ghafla kutoka usingizini kinaruka mpaka 4.75 sekunde kidogo kufungua kitu afu kinalala tena, hapo ndo volteji uliyopunguza inakosekana. Saa nzima ya OCCT haikuniambia hilo, kupandisha faili usiku kukaniambia.

Nikafungua Event Viewer ya Windows, ile inayoweka kumbukumbu za makosa, kwenye System, nikakuta mstari mwekundu wa WHEA-Logger, namba 18, kosa la Cache Hierarchy, na chini yake Processor APIC ID: 4. Hiyo 4 ni dhahabu. Prosesa hii kila kiini kina nyuzi mbili, kwaiyo 0 na 1 ni kiini cha kwanza, 2 na 3 cha pili, 4 na 5 cha tatu. Kiini cha tatu ndo kilichoanguka. Nikaingia bayosi, nikabadilisha kutoka viini vyote kwenda kiini kimoja kimoja, nikatafuta kilichoandikwa 3 nikakipunguzia makali kutoka 30 mpaka 20. Kesho yake ikaanguka tena. APIC ID 4 ileile.

Nilikaa kama nusu saa sielewi mpaka nikarudi Ryzen Master kuangalia, ndo nikaona. Ryzen Master inahesabu viini kuanzia 1. Bayosi yangu inahesabu kuanzia 0. Kiini cha tatu kwa bayosi kimeandikwa 2. Nilikuwa nimemtibu jirani. Na zaidi, kile kiini kilichokuwa kinaanguka ndicho chenye kinyota cha dhahabu. Nikaelewa: viini bora kiwandani vimeshapewa volteji ndogo tangu mwanzo kwa sababu ni vizuri, havina mafuta ya kupunguza, na Windows kazi nyepesi inavipa hivyohivyo kwanza. Viini vya kawaida ndo vina nafasi ya kushuka mpaka 30. Kwaiyo chenye nyota nikakiweka 12, chenye kidoa 15, vingine vinne 25.

Unaona sasa hizi mbili zinavyosaidiana. Bila Ryzen Master nisingejua kiini gani kina nyota, na bayosi ndo nilikoziweka namba zikakaa. Ryzen Master nayo ina Curve Optimizer ndani kwa kizazi hiki, ina hata sehemu ya kujitafutia yenyewe, inachukua muda mrefu na inaweza kuristati katikati, mimi namba zake nilizichukua kama pa kuanzia tu afu nikazihakiki kwa CoreCycler, ambayo ni skripti ya bure inayobana kiini kimoja kimoja kwa zamu. Niliiacha usiku kucha, saa tisa, usiku mbili mfululizo. Haikudondosha kitu. Mpaka sasa wiki ya saba haijawahi kujiristati.

Bayosi nayo nisiisifie kupita kiasi. Ukikosea vibaya kule mashine haiwaki kabisa. Bodi nzuri inajaribu mara mbili tatu afu inarudi yenyewe kwenye setingi salama, nyingine haijaribu, unabaki na feni zinazunguka na skrini nyeusi, inabidi ufungue keisi, utafute zile pini mbili za kufuta CMOS, yaani kumbukumbu ya setingi za bayosi, uziguse kwa bisibisi umeme ukiwa umetolewa, au utoe betri ya CR2032 usubiri dakika kadhaa. Mtu asiyewahi kufungua keisi hapo anampeleka fundi, na fundi wengine wataanza kukwambia madabodi imekufa. Jifunze pini ziko wapi kabla hujaanza, piga picha ukurasa wa kitabu cha bodi. Halafu kile kibetri kwa mashine za mtumba ndo kimeshachoka, kikifa setingi zote zinapotea kila umeme ukikatika, kinauzwa bei ndogo, badilisha tu.

Na uhakikishe bodi yako inaruhusu. B450, B550, X470, X570 zinaruhusu. A320 na A520 haziruhusu kuovakloki prosesa, hata ununue prosesa nzuri namna gani. Kwa Intel ni lazima prosesa yenye K mwishoni na bodi ya Z kama unataka kupandisha kizidishi, ile namba inayopanga kasi ya viini. Muuzaji hatakwambia hilo, atakwambia "hii ni gemingi".

Nyota zangu, kama mnazitaka. Programu ya kampuni ya bodi, moja, na hiyo moja ni kwa sababu inaonyesha mzunguko wa feni vizuri. Ryzen Master, nne, kwa kutafuta na kuangalia. Ningeipa tano kama ingekuwa ya Linux pia. Bayosi, nne na nusu, nusu nimeikata kwa ile skrini nyeusi na menyu mbili za kitu kimoja. Kama ni mgeni kabisa, anza na Ryzen Master wiki nzima usiguse bayosi, andika kila namba, afu ukishaijua prosesa yako ndo uhamishe. Kama muda huna, ingia bayosi, Curve Optimizer 10 chini kwa viini vyote, mipaka usiiguse, toka. Hata hiyo peke yake kwangu ilishusha nyuzi 3 na ikaongeza pointi.

Sasa hivi nimekaa kwenye PPT 100, TDC 70, EDC 100, megahezi 100 juu, 12 kwenye kiini cha nyota, 15 kwenye cha kidoa, 25 kwingine. Cinebench 11,900 kwa vyote na 1,572 kwa kiini kimoja, joto 79 saa nane mchana, harusi dakika 48 na sekunde kama 20. Juzi nimeapdeti bayosi na setingi zote zikafutika, hata zile profaili nilizokuwa nimehifadhi ndani ya bodi hazikusomeka tena kwenye toleo jipya. Ila nilikuwa nimeshapiga picha za skrini zote kwa F12 kwenye flashi, nikazihamishia kwenye simu, nikaisimamisha simu kwenye stendi pembeni ya kioo nikaandika namba moja moja upya. Dakika sita, nikaendelea na kazi.